Maji ndani ya taa: namna ya kukata mpira mpya



Safari hii hatuandiki juu ya aljebra wala juu ya usafi wa mabweni. Tunaandika juu ya kipande cha mpira, chepesi kuliko kalamu, ambacho karibu kitupoteze.

Usiku mmoja wa mvua mdogo wetu wa mwaka wa pili alishikwa na tumbo vikali, na Land Rover ya shule ikampeleka hospitali. Sisi wawili wafinalisti tulikaa nyuma pamoja naye. Kwenye mteremko papa shofere akakanyaga breki, na kamyo iliyotufuata ikabakiza kidogo tu itupande. Mwenye kamyo akashuka na hasira: « Mulisimama bila kuonyesha! » Tulitaka kumjibu, kumbe alisema kweli. Mtoto alipona. Asubuhi tulienda kutazama taa.

Upande wa kushoto, tulipotoa visi mbili za kioo chekundu, maji yalimwagika. Ampule ilikuwa nzima! Lakini mpira unaokaa kati ya kioo na bakuli la taa ulikuwa umekauka, ukavunjika mkononi kama biskuti. Jua na hewa hufanya vile polepole, hata kama motokari inalala tu. Upande wa kuume maji baridi yaliangukia ampule ya moto, na kioo chake kilikuwa kimepasuka.

Sasa, kwa nini ile nzima haikuwaka? Ampule hiyo iko na nyuzi mbili: moja ya wati 5 kwa kuonekana usiku, nyingine ya wati 21 kwa breki. Zote mbili zinarudisha umeme kwa njia moja, inayoitwa masi, yaani chuma cha bodi mpaka kwa batri. Pale masi inaposhikana na bakuli, maji yalileta kutu. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi, unatafuta nyingine: unapita kwenye uzi wa pili na kwenda kutafuta masi kwa taa zingine. Basi unakanyaga breki, na taa inafifia pahali pa kuangaza zaidi. Ndugu wa fizika, muchore jambo hili kwenye daftari, mutaliona wazi.

Mpira peke yake hatukuupata sokoni. Walitaka kutuuzia taa nzima. Basi tukaenda kwa mzee anayeziba magurudumu, naye akatupa bure kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la kamyo. Mipira hiyo mara nyingi inatengenezwa kwa butili, si kwa utomvu wa mti, nayo inavumilia jua na mvua vizuri. Adui yake ni mafuta, yanaivimbisha. Ule wa kinga tulijaribu pia. Ni mwembamba mno. Utafute wenye unene wa milimita 2 hivi.

Uuoshe kwa sabuni, uukaushe, uulaze juu ya ubao. Weka kioo cha taa juu yake na uchore ukingo kwa kalamu. Nje kata kwa makasi, ndani kwa wembe, ili upate pete moja bila kiungo. Tundu za visi tulizitoboa kwa msumari uliotiwa moto, ndogo kuliko visi yenyewe. Mbele ya kufunga, toa waya wa batri, kisha sugua masi kwa karatasi ya msasa mpaka chuma king'ae. Kioo cha plastiki kioshwe kwa maji na sabuni tu. Petroli inakipasua vipasuko vidogo-vidogo. Visi zikazwe kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, mpaka mpira ubonyee kidogo. Mwenzetu mmoja mwenye nguvu nyingi alitaka kuongeza mzunguko mmoja. Tulimnyang'anya turnevisi.

Wengine walisema: tupake silikoni pande zote, tumalize. Ile inayonuka siki inatoa asidi wakati inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba na kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga. Tuliikataa.

Lakini na sisi tulikosea. Chini ya bakuli kuna tundu dogo, nasi tukaliziba kwa furaha, tukifikiri ni uharibifu. Asubuhi ya pili taa ilikuwa imejaa ukungu. Taa ikipata moto, hewa ya ndani inatoka. Ikipoa, inavuta hewa yenye maji. Tundu lile ndilo mlango wa maji kutokea. Tulilizibua, na ukungu ukaisha.

Kisha tulimwagia taa maji kwa keni ya bustani dakika 10, toka juu na pembeni, tukafungua: kukavu. Papa shofere alikanyaga breki, mmoja wetu akasimama nyuma. Zote mbili ziliwaka sawasawa. Tangu siku ile mvua kubwa zimepita tatu.

Taa kubwa za mbele hatukuzigusa, maana ampule zake zina moto mwingi, na mpira wa mgongo wake unataka fundi. Inabaki ile ndogo ya kuonyesha kona, mbele kushoto. Tutaikata Jumamosi nyuma ya usafi, karibu na stoo. Anayetaka kujifunza alete makasi, wembe tunao.