Jemadari Slim na Adui Mdogo

Wengi wamesikia habari za Jemadari William Slim, aliyewashinda Wajapani katika nchi ya Burma mwaka 1945. Lakini wachache wajua ya kuwa kwanza ilimpasa kumshinda mbu.

Slim alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1891. Hakuwa mtoto wa wakubwa. Alifundisha watoto shuleni, kisha akawa karani wa kampuni ya mabomba ya chuma. Vita vya 1914 vilipoanza akaingia jeshini, akajeruhiwa Gallipoli mwaka 1915, na tena Iraki mwaka 1917. Baadaye akahamia jeshi la Bara Hindi, akatumika pamoja na Wagurkha.

Machi 1942 alipewa kuongoza askari waliokuwa wakishindwa Burma. Wakarudi nyuma hata mpaka wa Bara Hindi, mwendo wa maili 900 hivi, wamekonda, na wengi wana homa. Slim hakutafuta wa kumlaumu. Alijiuliza yeye mwenyewe amekosa wapi.

Oktoba 1943 akawekwa juu ya Jeshi la 14. Akaona hesabu ya kutisha: mwaka ule, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Vidonge vya mepakrini vya kuzuia malaria vilikuwapo, lakini wengi hawakuvimeza. Basi akaamuru vikosi vizima vipimwe kwa ghafula. Ikiwa watu waliomeza dawa hawakutimia 95 katika kila 100, aliyefukuzwa kazi si askari, bali mkubwa wa kikosi. Aliwafukuza watatu tu, waliosalia wakafahamu.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yaani askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko, walipita bonde la Kabaw wakati wa masika, mahali palipojulikana sana kwa malaria, na Desemba wakavuka mto Chindwin. Hata mwaka 1945 wagonjwa wa Jeshi la 14 walikuwa mtu mmoja tu kwa siku katika kila 1,000.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Nasi twajifunza neno hili: amri iliyotolewa bado si amri iliyotimizwa. Jumbe au mwalimu aonapo jambo jema halifanyiki, asianze kumwuliza mtoto wala mwanakijiji. Na ajiulize kwanza, je, mimi nilikwenda kutazama?