UDONGO WA SHAMBA NA MAJI YA KIJANI

Katika maji ya ziwa imo mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho. Ndiyo malisho ya vidudu vya majini, na vidudu hivyo ni chakula cha samaki wachanga. Mimea hiyo, kama mahindi, hutaka mwanga, joto na rutuba.

Mvua inyeshapo juu ya shamba la mteremko lisilo na matuta, huchukua udongo wa juu pamoja na samadi. Rutuba hiyo ifikapo ufukoni mwa Ziwa Victoria, nayo maji yametulia na jua ni kali, hustawi mno mimea ya rangi ya kijani-buluu. Baadhi yake ina sumu. Ikifa huoza, humaliza hewa iliyomo majini, na samaki hufa. Tangu miaka ya 1960 mimea ya namna hiyo imezidi ziwani.

Basi wakulima wa Nemba, yawapasa haya:

1. Limeni kwa kukingama mteremko, na kupiga matuta.
2. Msilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa; ndivyo ilivyoagiza Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004.
3. Maji yenye utando wa kijani msinywe, wala msinyweshe mifugo. Kuyachemsha hakuondoi sumu.

Udongo ukichukuliwa na maji, hasara ni mbili: ya shamba na ya ziwa.