Hakuna, Hakipo, Hakijaonekana: Somo la Kutafsiri Maneno ya Kutokuwapo

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa likizoni Njombe, nyumbani kwa dada yangu. Mtoto wake mdogo alikuwa amerejea kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa, na siku chache baadaye akashikwa na homa. Akapelekwa kupimwa damu. Karatasi ya majibu ilikuwa na maneno matatu ya Kiingereza: "No parasites seen". Kaka yake, aliyekuwa kidato cha tatu, akamsomea mama yake: "Mama, hana malaria." Basi nyumba nzima ikatulia, na dawa ya mafua ikatafutwa.

Siku ya pili homa ilizidi. Niliporudi jioni kutoka Makambako nikaomba kuiona ile karatasi. "Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "si wameandika hakuna?" Nikamjibu kwamba hawakuandika hivyo. Waliandika kwamba vimelea havikuonekana. Mtoto akapimwa tena usiku uleule, na safari hii vimelea vikaonekana. Alitibiwa akapona, lakini nusura tafsiri ya maneno matatu imgharimu maisha.

Madhumuni ya makala haya ni kuwaonyesha walimu na wanafunzi wa sekondari kwamba maneno ya Kiingereza yanayoeleza kutokuwapo kwa kitu ni magumu kuliko yanavyoonekana. Ugumu huo hauwapati Waswahili peke yao. Mjerumani na Mfaransa nao hulazimika kuchagua wanapotafsiri kutoka Kiingereza, na kuutazama uchaguzi wao kutatusaidia kuuelewa wetu. Tutaona kwamba yafaa mfasiri ajiulize maswali manne kabla ya kuandika neno lolote.

Swali la kwanza: Hakipo wapi?

Tuanze na neno "absent" ambalo kila mwanafunzi analijua kwa sababu ya mahudhurio ya darasani. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya awali ni "kuwa mbali na mahali". Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lilidai mahali. Kiswahili nacho kinadai mahali, tena kwa usahihi zaidi. Tunasema mwalimu hayupo, hayuko, au hayumo. "Hayupo" humwondoa mahali dhahiri tunapopajua; "hayuko" humwondoa katika eneo lisilo na mipaka dhahiri; "hayumo" humwondoa ndani ya kitu au chumba. Vivyo hivyo twasema hapana, hakuna na hamna. Siku hizi "hapana" limekuwa zaidi neno la kukataa, lakini maana yake ya asili ingali hai tunaposema "hapana shaka".

Mfasiri wa Kiingereza hapewi habari hizi. Sentensi "There is no chalk" haisemi kama chaki haimo sandukuni au haiko shuleni kabisa. Mfaransa anayeitafsiri anakabiliwa na uchaguzi mwingine: akisema "pas de craie", chaki hakuna, akisema "plus de craie", chaki ilikuwapo lakini imekwisha. Kila lugha ina mlango wake wa kuulizia habari.

Katika sayansi kosa la kawaida hutokea kwenye maneno "in the absence of". Nimepata kusoma jibu la mwanafunzi lililosema kwamba hamira huweza kuvunja sukari "kwa kutohudhuria kwa oksijeni". Oksijeni haihudhurii wala haikosi mkutano. Kiswahili kina maneno mafupi kwa kazi hii: "bila oksijeni" au "pasipo na oksijeni", kama Mjerumani anavyotumia "ohne" na Mfaransa "sans". Pengine hata maneno hayo hayahitajiki. Mmea uliowekwa mahali pasipo na mwanga umewekwa gizani. Lugha imekwisha kulipa jina kutokuwapo huko.

Swali la pili: Je, kilitarajiwa?

Makambako ni mahali pazuri pa kujifunzia swali hili. Hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoungana na barabara kuu iendayo Mbeya, na hapo pia ipo stesheni ya reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Abiria akiuliza habari za treni, anaweza kupata majibu matatu. "Treni haijafika": itakuja, naye atasubiri. "Treni haikufika": muda wake umepita, bora atafute basi. "Treni haipo": leo si siku yake, arudi nyumbani. Mtu aliyezoea Kiingereza pekee huweza kuyaona majibu hayo kuwa ni mamoja, lakini abiria mwenye mizigo anajua kwamba kila moja lina nauli yake.

Kiambishi "-ja-" katika "haijafika" ni hazina. Chenyewe, bila neno la ziada, kinaeleza kwamba jambo halijatokea na kwamba linatarajiwa. Mjerumani huhitaji kuongeza "noch nicht", na Mfaransa "pas encore". Kiingereza kina "not yet", lakini mara nyingi huliacha. Mfasiri asipokuwa mwangalifu, kadi ya kliniki itaandikwa mtoto "hakuchanjwa" mahali palipopasa kuandikwa "hajachanjwa". La kwanza lafunga habari. La pili lamwita mama arudi.

Matarajio ndiyo pia yanayotofautisha "missing" na "absent". Kitu huitwa "missing" pale tu kilipopaswa kuwapo. Mtoto aliye "missing" amepotea; ukurasa ulio "missing" umenyofoka; mtu ambaye jino lake ni "missing" ana pengo. Angalia jinsi Kiswahili kilivyobadilisha neno mara tatu, na mara ya mwisho kikaacha kukitaja kitu kisichokuwapo, kikataja nafasi iliyobaki.

Nikiwa mwanafunzi nchini Ujerumani nilishangaa kusikia kwamba kitenzi chao cha kukosekana, "fehlen", ni ndugu wa neno lao "Fehler", yaani kosa. Wafaransa nao wana "faute", maana yake kosa, na "faute de", maana yake kwa kukosa. Nilishangaa kwa sababu nilidhani ni Kiswahili peke yake chenye kutumia neno "kosa" kwa anayekosa maji na kwa anayekosa adabu. Inaonekana watu wa nchi mbalimbali wamefikiri kwa njia moja: aliyekosea amepungukiwa na kitu kilichopaswa kuwapo. Hata hivyo tusidhani kwamba mfanano huo unatosha. Kiingereza husema "I miss you", na anayekumbuka ndiye kiima. Lakini Mjerumani husema "du fehlst mir" na Mfaransa "tu me manques", na anayekumbukwa ndiye kiima, yaani wewe ndiwe unayekosekana kwangu. Mswahili haendi njia yoyote kati ya hizo. Husema "nimekukumbuka" au "nina hamu nawe". Na aliyechelewa Makambako hasemi sana kwamba amelikosa treni. Husema kwamba treni limemwacha.

Swali la tatu: Hakipo kabisa, au kimepungua?

Hapa ndipo penye madhara makubwa. Kiingereza kina "absence", "lack" na "deficiency". Kifaransa kina "absence", "manque" na "carence". Kijerumani kina "Abwesenheit" na "Mangel". Kiswahili kina "ukosefu" na "upungufu", na maneno haya mawili hayapaswi kubadilishana nafasi ovyo. Ukosefu waweza kuwa wa kitu kutokuwapo kabisa. Upungufu hupimwa kwa kulinganisha kilichopo na kinachohitajiwa.

Chukua mfano wa rovu, uvimbe wa tezi la shingo ambao zamani ulienea sana katika nyanda zetu za juu za kusini. Chanzo chake kikubwa ni upungufu wa iodini katika udongo, na kwa hiyo katika chakula. Mtu mzima huhitaji iodini kiasi cha maikrogramu 150 tu kwa siku. Aliyepata rovu hakuwa mtu asiyekula iodini hata chembe. Alikula, lakini chini ya kiwango hicho kwa muda mrefu. Ndiyo maana tiba haikuwa chakula kipya bali kuongeza chembe kidogo ya madini hayo katika chumvi ya kila siku. Neno "upungufu" linaielekeza akili kwenye kiwango na nyongeza. Neno "ukosefu" lingeielekeza kwenye utupu.

Mfano wa pili ni anemia. Jina hilo la Kigiriki maana yake ni "bila damu". Wajerumani huuita ugonjwa huo "Blutarmut", yaani umaskini wa damu. Kiswahili husema upungufu wa damu, na katika hili kimewazidi Wagiriki kwa usahihi, kwa maana hakuna mtu aliye hai asiye na damu. Mwalimu wa biolojia aongeze tu kwamba kinachopungua hasa ni himoglobini, au chembe nyekundu zinazoibeba.

Mfano wa tatu unatugusa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe watu 14.8 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko cha mkoa mwingine wowote nchini. Jina UKIMWI limefafanuliwa kwa njia mbili: wengine husema "Ukosefu wa Kinga Mwilini", wengine "Upungufu wa Kinga Mwilini". Herufi ni zilezile, lakini mgonjwa anayesikia "ukosefu" anaambiwa kwamba kinga imetoweka. Anayesikia "upungufu" anaambiwa ukweli wa maabara: kinga imeshuka, yaweza kupimwa, na kwa dawa za kufubaza virusi yaweza kupanda tena. Kwa hiyo tunawashauri walimu washike neno "upungufu".

Swali la nne: Nani ametazama, na kwa chombo gani?

Neno "sifuri" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni "tupu". Neno hilohilo lilipofika Ulaya lilizaa matawi mawili. Tawi moja likawa "zero" ya Kiingereza na "zéro" ya Kifaransa. Jingine likawa "chiffre" ya Kifaransa na "Ziffer" ya Kijerumani, ambazo siku hizi maana yake ni tarakimu yoyote. Mjerumani anayetaka kutaja sifuri husema "Null", neno la asili ya Kilatini.

Sifuri si sawa na nafasi tupu. Tuseme mwanafunzi wa Njombe anapima mvua kwa siku tano na kuandika milimita 4, 0, 8, –, 0. Siku ya pili na ya tano alitazama chombo akakuta hakuna maji; hiyo ni sifuri. Siku ya nne hakupima. Akiihesabu siku hiyo kuwa sifuri, wastani wake utakuwa 12 gawanya kwa 5, yaani milimita 2.4. Lakini ana vipimo vinne tu, na wastani wake ni 12 gawanya kwa 4, yaani milimita 3. "Hakuna mvua" na "hakuna kipimo cha mvua" ni habari mbili tofauti.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya maabara. Mpimaji hutazama sehemu ndogo ya tone moja la damu. Vimelea vikiwa vichache, vyaweza kuwamo mwilini na visiwemo katika sehemu aliyoitazama. Kwa hiyo yeye, kwa uaminifu wa kitaalamu, huandika alichokiona na asichokiona. Tafsiri sahihi ni "Vimelea havikuonekana". Aliyesema "hana malaria" alikifuta kitenzi cha kuona, akamfuta pamoja nacho mtazamaji, darubini, na uwezekano wa kupima tena.

Hitimisho

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, istilahi nyingi za sayansi zimesanifiwa, nazo ni msaada mkubwa. Lakini istilahi hutupa majina ya vitu vilivyopo. Vitu visivyokuwapo huelezwa kwa sarufi, na sarufi hiyo mwanafunzi anayo tangu utotoni. Anayeingia kidato cha kwanza na kuanza kusoma sayansi kwa Kiingereza asiiache mlangoni. Kila akutanapo na "no", "absent", "missing" au "lack", aulize: Hakipo wapi? Kilitarajiwa? Hakipo kabisa au kimepungua? Nani ametazama, na kwa chombo gani?

Mazoezi

1. Tafsiri kwa Kiswahili, kisha ueleze umejibu swali lipi kati ya manne: (a) "No bacteria were seen." (b) "The soil lacks phosphorus." (c) "The bus has not arrived." (d) "Two pages are missing." (e) "Yeast can live in the absence of oxygen."

2. Eleza tofauti kati ya "mwanafunzi hajafaulu", "mwanafunzi hakufaulu" na "mwanafunzi hafaulu". Ni ipi ungependa iandikwe katika taarifa yako, na kwa nini?

3. Pima halijoto ya nje ya darasa kila asubuhi kwa siku saba. Ukishindwa kupima siku moja, utaandika nini katika jedwali lako, na utautafutaje wastani?