Punguza Uzito Mapema, Ufike Kambini na Pumzi: Kijitabu kwa Vijana wa Butimba Wanaojiandaa na JKT na Jeshi

Mtihani wa kidato cha sita humalizika mwezi Mei. Kwa miaka ya karibuni, vijana wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria wametakiwa kuripoti kambini mwishoni mwa mwezi huohuo au mwanzoni mwa Juni. Kijana wa Butimba aliyenenepa anabaki na siku chache mno za kuuandaa mwili wake, na wengi hapo ndipo wanapoanza kuhangaika. Mmoja anaacha kula, mwingine anakimbia juani amevaa sweta mbili, mwingine ananunua chai ya kukata tumbo kwa mtu asiyejua hata kilichomo ndani yake. Tumekiandika kijitabu hiki ili uanze mapema zaidi, tena kwa njia ambayo haitakuangusha kwenye mchakamchaka wa kwanza.

Kinawahusu pia wanaosubiri nafasi za kujitolea. Kwa vijana wengi wa mitaa yetu, JKT ndiyo njia ya kuelekea Jeshi la Wananchi (JWTZ) na vyombo vingine vya ulinzi, na matangazo ya nafasi za kujitolea hayana tarehe ya kudumu. Yakitoka, muda wa maombi na usaili huwa mfupi. Anayeanza kukimbia siku ya tangazo ameshachelewa.

Kinachopimwa si kilo peke yake

Vijana wengi wanaamini kuna namba ya kilo inayowasubiri mlangoni. Matangazo ya JWTZ yamekuwa yakitaja afya njema na akili timamu, pamoja na umri, elimu, vyeti na mwenendo. Majirani zetu wa Kenya huandika kilo kabisa kwenye matangazo yao, lakini namba yao ni kima cha chini: mwanamume asipungue kilo 54.55, mwanamke asipungue kilo 50. Jeshi halimtaki mtu aliyejikondesha kwa njaa, kama lisivyomtaka anayehema baada ya hatua 100.

Kambini kazi ndiyo inayokupima. Utakimbia kabla jua halijapanda huku ukiimba, utasimama kwenye kwata, utalima, utabeba, na kesho yake utaamka ufanye hayohayo. Kilo za ziada zinakuwa tatizo kwa sababu goti na kisigino vinazibeba kwenye kila hatua. Juma Ikangaa aliyeshinda mbio za New York 1989 alikuwa mwanajeshi, na Alphonce Simbu aliyetwaa dhahabu ya dunia ya marathoni huko Tokyo Septemba 2025 ni mwanajeshi. Hakuna atakayekutaka ukimbie kama wao. Ila jua kwamba unaingia nyumba inayothamini mbio.

Jua ulipo

Nenda zahanati au kituo cha afya upimwe uzito na urefu. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 79 mwenye urefu wa mita 1.65 anapata 29. Kati ya 18.5 na 24.9 ndio uzito unaofaa. Kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Hesabu hii haitofautishi misuli na mafuta, hivyo mbeba mizigo wa mwaloni mwenye mwili wa kazi anaweza kuonekana amezidi bila kuwa na shida yoyote. Kwa hiyo pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Mwanamume aliyevuka sentimita 94 na mwanamke aliyevuka 80 wana mafuta ya tumboni ya kuyashughulikia.

Kasi salama ya kupungua ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Huyo wa kilo 79 akitaka kufika 68 anahitaji wiki 11 hadi 22. Ndiyo maana tunamwambia mwanafunzi wa kidato cha sita aanze likizo ya Desemba, asingoje Mei. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ukitoka chooni, kwenye mzani uleule. Ukipima kila siku, maji ya mwilini yatakudanganya na utakata tamaa bure.

Sahani ya hapa kwetu

Huhitaji chakula cha supamaketi. Anayekaa kando ya ziwa ana samaki, na samaki ni msaada mkubwa kwa anayepunguza uzito, maana protini inashibisha na inalinda misuli wakati mafuta yanapungua. Shida iko kwenye karai. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, karibu sawa na zile mtu wa kilo 80 anazozitumia kutembea nusu saa. Sasa mtazame sangara anavyozama kwenye mafuta yanayochemka, au chipsi mayai ikimiminiwa mafuta mara ya pili kabla haijageuzwa. Mle sato wa kuchemsha kwa nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili. Dagaa waoshe, wakaange kwa kijiko kimoja, kisha waache waive kwa maji ya nyanya.

Ugali usiuache, upunguze. Tumezoea kuanza na bonge la ugali na kutafuta mboga ya kulisindikizia. Geuza: nusu ya sahani iwe matembele, mchicha, mlenda au kabichi, robo samaki au maharage, robo iliyobaki ugali. Ukila kwa mama lishe, mwambie mapema, “Mama, naomba ugali nusu, mboga za majani uniongezee.” Wengi hawakatai. Asubuhi, badala ya maandazi matatu, kula yai la kuchemsha na kiazi kitamu, au kiganja kimoja cha matobolwa. Kimoja tu, kwa sababu viazi vikikaushwa maji huondoka na wanga unabaki wote.

Vinywaji ndivyo vinavyowaponza wengi kimyakimya. Soda ya mililita 350 ina sukari kati ya gramu 35 na 40. Chai tatu kwa siku, kila moja vijiko vitatu, zinafika hapohapo au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka hadi asilimia 5, takriban gramu 25, ni bora zaidi. Ukiacha soda na ukapunguza sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki, utapungua hata kabla hujagusa ugali. Bia nayo ni chakula, tena chakula kisichoshibisha.

Neno kwa mama na walezi

“Mama, leo nipunguzie ugali.”

“Kwani unaumwa?”

Mazungumzo haya tunayajua. Nyumbani kwetu mtoto aliyenawiri ni sifa ya mama, na kijana akianza kukonda majirani watauliza. Tunawaomba mmwelewe. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 uliona kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene, kwa hiyo hili ni jambo la nyumba nzima, wala si la kijana mmoja mwenye ndoto ya jeshi. Msimpikie chungu chake peke yake. Punguzeni mafuta kwenye chungu cha wote. Na msimtanie kwa jina la mwili wake, kwani aibu humfanya mtu ale kwa kujificha.

Mazoezi

Wiki mbili za mwanzo tembea tu, kwa mwendo wa kukutoa jasho, nusu saa, siku tano. Kisha changanya: tembea dakika nne, kimbia polepole dakika moja, rudia mara sita. Kila wiki ongeza kidogo muda wa kukimbia na upunguze wa kutembea, mpaka uweze kukimbia nusu saa mfululizo huku unaweza kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza, umekwenda kasi mno. Siku mbili za wiki acha kukimbia, fanya pushapu, kuchuchumaa na mazoezi ya tumbo. Asiyeweza pushapu ya chini aanze kwa kusukuma ukuta, baadaye apige magoti.

Kimbilia njia ya vumbi au uwanja wa shule, ukiwa umeomba ruhusa. Barabara kuu ya kwenda Nyegezi ina malori, daladala na bodaboda tangu alfajiri, na lami inaumiza goti la mtu mzito. Dada wakimbie wawili au zaidi. Maumivu ya mfupa wa ugoko yanayobaki sehemu moja na kuzidi kila siku ni dalili ya mfupa kuanza kupasuka. Pumzika, nenda ukaonwe.

Usioge ziwani kupoza mwili. Maji ya kando ya Ziwa Victoria yana konokono wanaoeneza kichocho, na kichocho cha tumbo humaliza damu na nguvu. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha au damu kwenye choo apimwe, dawa yake ipo.

Njia za mkato zinazoua

Sweta, nailoni, dawa za kuharisha na za kukojoza hazitoi mafuta. Zinatoa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ukinywa inarudi yote. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha maji ili wafikie uzito wa mashindano. Walikuwa vijana wenye afya, wa umri wa wasomaji wa kijitabu hiki.

Ukifanya mazoezi makali kisha mkojo ukawa wa rangi ya kahawia, na misuli imevimba na kuuma, usingoje kesho. Misuli inayovunjika humwaga vitu vinavyoweza kuharibu figo. Nenda Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana hapahapa Butimba, au kituo chochote kilicho karibu. Kizunguzungu, kuchanganyikiwa na ngozi kuwa ya moto wakati wa jua kali ni dharura. Mweke mgonjwa kivulini, mmwagie maji, mkimbizeni hospitali.

Jambo moja tunalisisitiza kwa Kanda ya Ziwa. Selimundu iko juu kwetu. Pima ujue hali yako kabla ya mazoezi makali, kwa sababu hata mtu mwenye chembe ya kurithi asiyeumwa anaweza kuanguka akilazimisha mbio kwenye joto bila maji. Pumu, shinikizo la damu, kisukari na ujauzito navyo usivifiche kwa daktari wa kambi. Kwa wenye ulemavu wa kuonekana walioitwa kwa mujibu wa sheria, wito umekuwa ukiwaelekeza Ruvu JKT mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kuwahudumia.

Na mtu yeyote akikuambia kwa fedha kidogo utapitishwa hata uwe na kilo ngapi, ni tapeli. Nafasi haziuzwi. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi.

Wiki ya mwisho

Usijaribu kupunguza chochote wiki hii. Kula milo yako, lala saa saba hadi nane, kimbia siku mbili nyepesi. Raba utakazokwenda nazo ziwe umeshazikimbilia angalau wiki tatu, kwani malengelenge yanaweza kukutoa mstarini. Weka majibu ya vipimo, cheti cha dawa unazotumia na dawa zenyewe kwenye bahasha ya vyeti vyako. Safarini beba chupa ya maji, na ukifika kambini mwambie mhudumu wa afya umepungua kilo ngapi na kwa muda gani.