Kalama Iko Wapi?

Barua ya mhariri wa jarida ilinikuta ndani ya matatu, steji ya Machakos, gari la Kola likisubiri abiria wawili wa mwisho. Makala yangu ilikuwa imekaa kwao miezi mitano. Mhakiki wa kwanza alijaza kurasa tatu. Wa pili aliuliza maswali mawili tu: Kalama iko wapi? Na kwa nini Kalama?

Nilichemka. Nimezaliwa Kalama, nafundisha Kalama, na mama yangu anauza ndengu sokoni huko huko. Leo mtu asiyenijua ananiuliza kana kwamba nimebuni kijiji. Lakini kabla sijafika ninakoshukia, hasira ilikuwa imeniisha. Swali la pili sikuwa na jibu lake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu walimu wa gredi ya kwanza hadi ya tatu na matumizi ya Kikamba darasani. Niliyoyaandika hapa niliyapata nikijaribu kuigeuza iwe makala ya jarida la elimu, na mengi niliyapata kwa kukosea.

1. Tasnifu haipunguzwi ikawa makala

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la mkasi. Nilichukua kurasa 130, nikafyeka aya hapa na pale, nikabaki na kitu chenye kichwa na miguu, bila tumbo. Tasnifu huandikwa kuwaridhisha watahini kwamba umesoma. Msomaji wa jarida hajali umesoma nini. Anataka umwambie jambo moja ambalo jana hakulijua.

Nilikuwa na malengo manne: mitazamo ya walimu, vitabu, mafunzo kazini, na maoni ya wazazi. Nikabaki na swali moja: ni wakati gani hasa mwalimu anaacha Kikamba na kurukia Kiingereza? Mengine nikayaweka kando, pamoja na jedwali lililonigharimu wiki mbili za usiku. Liliniuma lile jedwali. Kisha nikafungua faili tupu, nikaandika upya bila kutazama tasnifu, nikiirudia tu nilipohitaji ushahidi.

2. "Eneo linafikika kwa urahisi" si sababu

Sentensi hiyo imo katika tasnifu nyingi nilizosoma maktabani, na yangu haikukosa. Mhakiki wa kwanza aliipigia mstari na kuandika pembeni: linafikika kwa nani? Kwangu, bila shaka. Kwa mgeni, zile njia za kupanda mlima zikishanyeshewa hata bodaboda anakuomba ushuke utembee.

Nilihangaika na swali la kwa nini Kalama siku nyingi, na jibu likatokea ofisini mwa walimu, saa ya chai. Mwenzetu aliyehamia kutoka shule ya mjini Machakos alikuwa akilinganisha madarasa. Kule, alisema, dawati moja lina Mkamba, Mkikuyu na Mluo, kwa hiyo mwalimu anakimbilia Kiswahili na hakuna wa kumlaumu. Hapa watoto wote wanaongea Kikamba, mwalimu anaongea Kikamba, mpishi anaongea Kikamba, na bado somo likianza, Kikamba kinaachwa mlangoni pamoja na viatu vyenye matope.

Nikaacha kikombe pale pale. Kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba miaka mitatu ya kwanza ya shule mtoto afundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo lake, Kiingereza kishike usukani darasa la nne. Mtaala wa umilisi umeendelea kuzipa lugha za mama nafasi katika gredi hizo za chini. Kisingizio kikubwa cha kutotekeleza sera hiyo kimekuwa mchanganyiko wa lugha darasani. Kalama mchanganyiko huo haupo. Basi sera hii ikishindwa Kalama, itafaulu wapi?

Hilo ndilo likawa fungu la kwanza la makala. Maelezo ya mahali yalibaki sentensi tatu: vilima vya kusini mwa mji wa Machakos, Ukambani kukavu, jamii ya lugha moja. Nilipompigia msimamizi wangu nikamsomea, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa una makala, mwalimu." Na mimi, "Asante, Daktari," nikiwa nimesimama juu ya jiwe ninapopatia mtandao.

3. Wasome waliopita kwako kabla yako

Hili ni la aibu. Mapitio yangu ya maandishi yalikuwa na Nigeria na ule mradi wa Ife ulioanza 1970, watoto wakifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi. Yalikuwa na Ufilipino. Machakos hayakuwa nayo. Mhakiki wa kwanza ndiye aliyenielekeza kwenye utafiti wa Benjamin Piper, Stephanie Zuilkowski na Salome Ong'ele, uliochapishwa mwaka 2016 katika Comparative Education Review. Ulitokana na mradi wa PRIMR, na ulijaribu kufundisha kusoma kwa lugha za mama mbili: Kilubukusu kule Bungoma, na Kikamba. Kikamba cha Machakos! Watoto waliofundishwa kwa lugha ya mama waliisoma lugha hiyo vizuri zaidi kuliko wenzao.

Nilipoumaliza nilidhani wamenimaliza na mimi. Msimamizi akaniambia nitazame walichopima: wao walipima watoto, mimi nilikaa nyuma ya darasa nikisikiliza walimu. Pengo langu lilikuwa hapo, ila nilipaswa kulionyesha mwenyewe badala ya kungoja mtu wa mbali anionyeshe.

4. Jedwali la sampuli la 1970

Aliyesomea utafiti wa elimu Kenya analijua jedwali la Krejcie na Morgan kama anavyoijua njia ya kwao. Likikuta walengwa 40, linataka sampuli ya watu 36. Nami nikalitii. Nilikunja vikaratasi, nikavitia katika sufuria ya chai ya ofisini, nikachomoa 36, wanne wakabaki nje. Mmoja wa hao wanne alininunia muhula mzima.

Swali la mhakiki wa kwanza lilikuwa fupi: kwa nini hukuwauliza wote 40? Sikuwa na la kusema. Tena jedwali hilo limetengenezwa kwa ajili ya kukadiria uwiano katika kundi zima, kwa mfano kwa hojaji, na uzito wa kazi yangu ulikuwa katika mahojiano na madarasa niliyoyatazama. Niliitoa hojaji yote, nikaeleza nilikaa darasa gani, mara ngapi, na nilinukuu vipi.

5. Neno moja linaweza kuzama njiani

Walimu walizungumza nami kwa Kikamba, jarida lilitaka Kiingereza, na mfasiri alikuwa mimi, usiku, nimechoka. Mwalimu mmoja alisema mtoto anayesemeshwa kwa lugha ya kwao huweza "kwĩmanyĩsya". Nikaandika neno la Kiingereza la kujifunza, nikaendelea.

Msimamizi wangu si Mkamba, lakini aliomba kuona maneno yenyewe. Nikamfafanulia: kũmanyĩsya ni kufundisha; ukitia ile "ĩ" ya kujirejea, mtu anajifundisha mwenyewe. Limejengwa sawasawa na kujifunza kwetu, isipokuwa katika Kiswahili tumelizoea mpaka hatusikii tena ile "ji" ndani yake. Mwalimu yule alikusudia hasa hiyo "ji": mtoto hutangulia mwenyewe kabla hajafundishwa. Kiingereza changu kilikuwa kimemnyang'anya hoja.

Nilirudia nukuu zote. Nikampa mwenzangu tafsiri zangu azirudishe katika Kikamba bila kuona asili, na zilipotofautiana tukakaa tukabishana. Katika makala niliacha Kikamba chenyewe chini ya kila nukuu. Kilikula maneno mengi ya kiwango tulichowekewa. Sijutii.

6. Kibali na karatasi zake

Usitupe kitu. Jarida lilitaka namba ya kibali cha utafiti cha NACOSTI na namna nilivyopata ridhaa, miaka miwili baada ya mimi kuzunguka na nakala zenye muhuri. Nilizikuta kwa mama, ndani ya Biblia.

7. Anayekuita profesa

Baada ya kuhitimu nilipata barua pepe ya jarida nisilolijua ikiniita profesa mashuhuri na kuniomba makala yoyote, juu ya chochote. Nikatuma. Siku ya pili ilikubaliwa, bila swali hata moja, ikibaki tu nilipe dola. Nilikuwa na simu mkononi naulizia bei ya dola nilipojiuliza: kama hakuna aliyeuliza Kalama iko wapi, nani ameisoma?

8. Kuficha jina ni kazi mara mbili

Kwa wahakiki nilifuta jina langu ukurasa wa kwanza, nikasahau shukrani nilizompa mwalimu mkuu wangu, na nikasahau kwamba faili lenyewe hubeba jina la mwenye kompyuta. Hayo mhariri aliyanasa, nikayarekebisha.

La pili halikunaswa na yeyote. Shule niliziita A, B na C. Walimu niliwapa namba. Makala ilipotoka niliichapa saibani mjini, nikampelekea mwalimu mkuu wa shule mojawapo kama heshima. Aliisoma amesimama chini ya mwembe, miwani puani. Akafika kwa Mwalimu wa 4, mwanamke, miaka zaidi ya ishirini kazini, shule B iliyo mlimani, anayesema yeye hufundisha kwa Kikamba na kuhamia Kiingereza akisikia gari la afisa wa elimu likiingia uwanjani.

"Huyu namjua," akasema, huku akicheka. Akageuka kuelekea madarasa ya chini na kuita, "Madam! Hebu njoo uone umeandikwa!"