Shabaha: Kosa la Mahali na Kosa la Mtawanyiko

Mlenga shabaha apigaye risasi tano kwa bunduki ya nusu otomatiki aweza kupata makosa ya namna mbili. Kwanza, matundu hukusanyika mbali na kitovu. Kosa hilo huondolewa kwa kurekebisha kifaa cha kulengea. Pili, matundu hutawanyika. Hapo marekebisho hayo hayafai kitu. Chanzo kimojawapo ni baruti iliyojazwa kwa mkono bila kulingana: risasi iendayo polepole huvutwa chini zaidi kabla ya kufika.

Mwanafunzi wa Ngaramtoni aweza kuthibitisha jambo hili bila bunduki. Gololi iangukayo kutoka meza ya sentimita 80 hufika sakafuni kwa sekunde 0.4 hivi. Ikitoka ukingoni kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, hutua umbali wa sentimita 81. Kwa mita 2.1, sentimita 85. Iteremshe mara kumi kwenye ubao ulioinama kutoka alama moja, kisha mara kumi kwa kukadiria, ukilinganisha madoa.

Watafiti wa mbegu wa Selian, jirani hapo, nao hurudia jaribio katika vishamba kadhaa, kwani wastani peke yake hausemi yote.