Ujane, Usingizi na Afya

Matanga yakiisha, jamaa huondoka, na mjane wa Mbeya au Iringa hubaki peke yake na usiku mrefu wa baridi. Hapo usingizi humpotea. Je, huzuni yaweza kuudhuru mwili?

Mwaka 1969, Colin Murray Parkes na wenzake, huko Uingereza, walitangaza uchunguzi juu ya wagane 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi 6 ya kwanza walikufa 213, yaani asilimia 40 zaidi ya ilivyotazamiwa kwa wanaume wenye wake wa umri huo. Ugonjwa wa moyo ndio uliozidi hasa.

Huzuni huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humimina homoni ya kotisoli katika damu. Ikizidi usiku, usingizi hukatika, na kinga ya mwili hudhoofika.

Lakini si kila kukonda ni huzuni. Uchunguzi wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta VVU kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 15–49 mkoani Iringa, na 9.0 Mbeya. Basi mjane anayekonda au kukohoa apimwe mapema.

Zoezi: Kwa nini wagane walilinganishwa na wanaume wa umri wao, wala si na watu wote?